"Sawa" ya mume wangu na injini ya mtumbwi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Igombe hapa Mwanza. Naanika dagaa na kuwauza mwaloni Kirumba. Mume wangu ana miaka 52, ni mvuvi. Tuna mtumbwi mmoja na injini moja, na hiyo injini ndiyo inayotulisha sote.

Miezi mitano iliyopita walirudi alfajiri kutoka ziwani. Vijana wake wanasema alikuwa mzima mpaka walipozima karabai. Wakati wa kushuka mtumbwini mguu wa kulia ukamkatalia, akaanguka majini. Nilipofika mdomo ulikuwa umekwenda upande, nikamwita, hakuitika. Watu wakasema ni upepo. Wengine wakasema katupiwa kitu, kwa sababu msimu ule tulikuwa tunapata kuliko wenzetu. Tukampeleka kwa mzee mmoja anayetibu, tukakaa huko siku mbili, anachuliwa na kufukizwa. Siku ya tatu ndipo tukaenda hospitali. Wakampiga siti skani, wakasema damu imeganda na kuziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo. Alilazwa siku 11, akarudi na dawa za presha, aspirini na dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu. Presha yenyewe hatukujua kama anayo.

Leo anatembea na fimbo kutoka kitandani hadi barazani. Mkono wa kulia unainuka kidogo, vidole anavikunjua kwa taabu. Maneno ndiyo yaliyopotea. Amebakiwa na neno moja tu, "sawa". Ukimuuliza kama ana njaa, sawa. Ukimuuliza nani kaja, sawa. Akikasirika anasema sawa sawa sawa huku machozi yanamtoka. Lakini Jumapili moja wanakwaya walikuja kumwona, walipoanza kuimba naye akaimba ubeti mzima na maneno yake yote. Nilitoka nje nikalia.

Sasa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, amekutana na mtu mjini mwenye chumba cha tiba. Mtu huyo anatundika dripu za kufungua mishipa ya ubongo, dripu 10 na unga wa kunywa, shilingi 3,500,000. Alimwonyesha shemeji video kwenye simu kwamba wanasayansi wa Ulaya wamegundua namna ya kurudisha damu kwenye ubongo uliopata kiharusi au ulioumia ajalini. Amesema dawa za hospitali tuziache wiki mbili kabla, zisije zikagongana. Mtoto wetu wa mwisho, wa miaka 7, ana selimundu, na kwa ajili hiyo amesema naye atundikiwe mbili tatu ziwe kinga, atatupunguzia bei.

Mnunuzi wa injini ameshapatikana, anatoa 4,000,000, anakuja mwisho wa mwezi. Nilipokataa, shemeji alimgeukia mume wangu mbele ya ukoo: "Mdogo wangu, tuuze injini upone?" Akajibu, "Sawa." Shemeji akaniambia, "Umemsikia mwenyewe." Tangu siku hiyo naonekana mwanamke anayependa injini kuliko mume.

Shangazi, hiyo tiba ni ya kweli? Na kuna swali jingine linaloninyima usingizi. Zile siku mbili tulizokaa kwa yule mzee, ndizo zilizompoteza mume wangu?

Mama wa Igombe

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yote, na pole ya pekee kwa ile Jumapili ya kwaya.

Injini isiuzwe. Dawa za presha zisiachwe hata siku moja kwa neno la mtu ambaye hata hajamfunga mumeo kipimo cha presha mkononi. Nimeyatanguliza haya kwa sababu mnunuzi yuko njiani. Mengine nitakueleza taratibu.

Shemeji yako hakudanganywa katika kila kitu, ndiyo maana ameamini. Ni kweli wapo wanasayansi waliojitoa maisha yao kutafuta namna ya kurudisha damu ubongoni. Uongo uko kwenye saa. Yule mtu hakumwambia shemeji kwamba kazi hiyo hufanyika saa ngapi baada ya kiharusi, na hapo ndipo jambo zima lilipo.

Ubongo ni kama sehemu 2 tu kwa 100 za uzito wa mwili, lakini unachukua sehemu 15 mpaka 20 kwa 100 za damu inayosukumwa na moyo. Hauna ghala la akiba, unakula kile kinacholetwa saa hiyo. Kwa kawaida kila gramu 100 za ubongo hupitiwa na mililita kama 50 za damu kwa dakika. Ikishuka chini ya 20 hivi, seli zinanyamaza, hazifanyi kazi lakini hazijafa. Ikishuka chini ya 10, zinakufa upesi sana.

Wewe umeishi na wavuvi, utanielewa. Karabai ikiwaka ziwani usiku, karibu yake ni mwanga mtupu, mbali ni giza tupu, na kati ya hapo upo ukanda ambao jicho halina hakika kama ni mwanga au giza. Mshipa wa ubongo ukiziba, pale katikati panaingia giza mara moja. Kandokando yake unabaki ukanda kama ule, unaopata damu kidogo kwa kupitia mishipa ya jirani. Mwaka 1981 watafiti watatu, Astrup, Siesjö na Symon, waliuandikia na kuuita penambra, neno la Kilatini linalokaribia kusema "karibu kivuli". Ukanda huo ndio unaopiganiwa. Daktari mmoja wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu mwaka 2006 akaona kwamba mshipa mkubwa ukiziba, mtu hupoteza seli za neva kama milioni 1.9 kila dakika. Kila dakika, mwanangu.

Kwa hiyo tiba za kurudisha damu zimepimwa kwa saa. Mwaka 1995 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3. Mwaka 2008 Wazungu wa Ulaya wakaisogeza hadi saa 4 na nusu. Mwaka 2015 madaktari wa Uholanzi walionyesha faida ya kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kichwani na kulivuta bonge lenyewe la damu nje. Mwaka 2018 tafiti mbili zikaonyesha kwamba kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha maalumu, wenye ule ukanda bado hai, kazi hiyo inaweza kufanyika hata saa 16, na wengine hadi 24, tangu walipoonekana wazima mara ya mwisho. Huko ndiko sayansi ilikofika, na hata hizo saa 24 ni za wachache waliochaguliwa.

Kuna sehemu ya utafiti huu ambayo kila nikiisoma inanisimamisha. Madaktari waliona kwamba hata mshipa mkubwa ukishafunguliwa, mara nyingine damu haifiki kunakotakiwa. Bomba kuu liko wazi, lakini vijishipa vyembamba kuliko unywele vimebaki vimefungwa. Watafiti wa Ankara, Uturuki, mwaka 2009, na wa London wakiongozwa na David Attwell mwaka 2014, walimkuta mhusika katika ubongo wa panya. Kuna seli ndogo zinazovikumbatia vijishipa hivyo kwa nje. Zikikosa hewa zinajikaza, zinakibana kijishipa, na nyingi zinafia humo humo zikiwa zimekibana, kama mkono wa mtu aliyekufa ameshika kamba. Sasa wanatafuta dawa ya kuzilegeza kabla hazijafa. Barcelona walijaribu njia nyingine mwaka 2022: baada ya kuvuta bonge, waliingiza dozi ndogo ya dawa ya kuyeyusha papo hapo kwenye mshipa. Matokeo yalitia moyo, lakini ulikuwa utafiti mdogo wa wagonjwa kama 120. Nadhani habari za namna hii ndizo zilizokatwa vipande na kutiwa kwenye ile video. Lakini tazama, zote zinafanyika mgonjwa akiwa bado yuko ndani ya zile saa, hospitalini, kwa picha za ubongo.

Ubongo ulioumia ajalini una hesabu yake tofauti. Unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka, na uvimbe unaifinya damu isiingie. Wataalamu hupima presha ya mwili na mgandamizo ulio ndani ya kichwa, kisha hujitahidi damu iendelee kupita. Hiyo ni kazi ya chumba cha wagonjwa mahututi siku za mwanzo. Haifanyiki kwenye chumba cha kupanga.

Mumeo yuko mwezi wa tano. Ile sehemu ya ubongo iliyokufa imekwisha kuwa kovu. Kuipelekea damu leo ni kumwagilia mhindi uliokwisha kauka. Hakuna dripu inayoufufua, kwa shilingi 3,500,000 wala kwa bure.

Lakini yeye hajakauka, naomba ulishike hili. Sehemu za ubongo zilizobaki hai hujifunza kazi za zile zilizokufa, na zinajifunza kwa kurudia, tena na tena, mpaka wewe unayetazama uchoke. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye mbio zaidi, ila mlango haufungwi hapo. Mwaka 2006 huko Marekani ulichapishwa utafiti wa watu waliokuwa kati ya mwezi wa 3 na wa 9 tangu wapate kiharusi, yaani watu kama mumeo. Walivishwa kitu kama glovu kwenye mkono mzima, yaani ule usioumwa, sehemu kubwa ya siku kwa wiki mbili, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, na huku wakifanyishwa mazoezi saa nyingi kila siku. Mikono yao iliendelea vizuri kuliko ya wenzao waliopata huduma za kawaida. Sharti lilikuwa mtu awe na uwezo wa kukunjua kidogo kiganja na vidole. Umeniandikia kwamba vidole vyake vinakunjuka kwa taabu. Mstari huo niliusoma mara tatu.

Usikimbilie kumfunga mkono mzima nyumbani, anaweza kuanguka akakosa wa kujishikia. Mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia kuhusu vidole, uulize anafaa zoezi gani na mara ngapi kwa siku. Kisha mpe kazi anayoijua. Mwekee sinia la dagaa achambue kwa mkono wa kulia. Mpe kipande cha nyavu kilichochanika. Mimi nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimeona mtu aliyekataa kabisa kubana mpira wa mazoezi akafungua fundo la kamba bila kuombwa, kwa sababu fundo lilikuwa lake.

Nauli za mazoezi na dawa za kila siku ndizo zinazostahili fedha ya injini, na injini inaweza kuzilipa ikiwa inafanya kazi ziwani. Ikiuzwa, mwezi wa pili mtakosa hata nauli.

Nirudi kwenye zile dawa alizotaka mziache, maana hilo ndilo lililonitia hofu kuliko fedha. Mtu aliyepata kiharusi mara moja yuko karibu zaidi na cha pili kuliko jirani yake ambaye hajawahi kukipata. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 6,000 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za muda mfupi. Waliopewa dawa za kushusha presha walipungukiwa na kiharusi kipya kwa asilimia 28. Hicho ndicho kinachoilinda damu ya ubongo wa mumeo leo: kidonge kidogo, kila siku, hata akijisikia mzima. Kuviacha wiki mbili ili kusubiri dripu ni kumweka ukingoni mwa shimo lile lile.

Mtoto wa selimundu naye asitundikiwe chochote na mtu huyo. Mwanangu, habari nzuri iko karibu nawe kuliko unavyodhani. Watoto wenye selimundu wako hatarini kupata kiharusi wakiwa bado wadogo, na hatari hiyo inaweza kuonekana mapema. Kuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachowekwa pembeni ya paji la uso, hakiumi, kinapima kasi ya damu ndani ya mishipa ya ubongo. Kasi ikiwa chini ya sentimita 170 kwa sekunde, ni kawaida. Ikifika 200 na zaidi, hatari ni kubwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto wa kasi hiyo wakiongezewa damu mara kwa mara, viharusi vinapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Tafiti za baadaye zikaonyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea nayo huishusha kasi hiyo. Na utafiti wa aina hii umefanyika hapa hapa Mwanza, kilimani kwenye hospitali ya Bugando, kwa kushirikiana na hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, kwa watoto wa miaka 2 hadi 16. Wa kwako ana 7. Nenda naye kliniki ya selimundu, uulize mambo mawili: lini atapimwa kasi ya damu ya ubongo, na kama anafaa kutumia haidroksiyurea.

Ungekuwa utafiti wa kweli, ungeutambua. Mshiriki hauziwi dawa inayojaribiwa. Unaelezwa kwa maandishi faida na hatari, unaruhusiwa kukataa, na kuna kibali cha maadili, kama kile cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa. Na kama ni tiba iliyokwisha kubalika, basi ina jina na imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na ofisi yao ya kanda iko hapa Mwanza. Shemeji amwombe yule mtu aandike kwenye karatasi jina la dawa iliyomo kwenye dripu, namba ya usajili wake, na namba ya leseni ya hicho chumba.

Swali lako la pili. Siku mbili zile zilikuwa nyingi, sitakudanganya. Lakini kusema kwamba ungekwenda asubuhi ile angepona, hilo hakuna anayeweza kulisema. Dawa ya kuyeyusha bonge haitolewi kabla ya siti skani, kwa sababu kama kiharusi ni cha kuvuja damu, dawa hiyo inaweza kuua. Kwa kawaida yote lazima yafanyike ndani ya saa 4 na nusu, na dawa yenyewe haipo katika hospitali nyingi za nchi yetu. Kwetu sisi baba yangu mdogo tulimkanda mafuta siku tatu, na mimi nilikuwa tayari nimevaa sare ya unesi. Nilinyamaza mbele ya wazee. Kwa hiyo siandiki haya nikiwa nimekaa juu yako. Wewe ulikwenda ulikoambiwa kuna msaada, na siku ya tatu ukampeleka hospitali. Wengine hawafiki kabisa. Kilichobaki ni kuwafundisha wale vijana wa mtumbwini: mdomo ukienda upande, mkono ukidondoka, maneno yakivurugika, tazama saa, usimpe chakula wala maji, na safari ni ya hospitali moja kwa moja, iwe kwa gari la dagaa.

Sasa shemeji. Usimwite mjinga mbele ya watu. Anampenda mdogo wake, na mfa maji haachi kutapatapa. Mwombe, kwa heshima yake ya ukubwa, akusindikize kliniki siku ya tarehe, aingie ndani na mgonjwa, na swali la dripu amuulize daktari yeye mwenyewe. Akirudi na jibu kwa mdomo wake, ukoo utamsikia. Ukirudi nalo wewe, utabaki mwanamke wa injini.

Na lile neno "sawa". Kiharusi cha upande wa kushoto mara nyingi hupiga mahali panapotengeneza maneno, na mtu hubakiwa na neno moja linalotoka lenyewe, kama vile ulimi umekwama hapo. Nyimbo hupona mara nyingi, na inadhaniwa ni kwa sababu upande wa kulia wa ubongo unazisaidia, ndiyo maana aliimba na kwaya. Waombe wawe wanakuja kila wiki, na wewe mwenyewe umwimbie maneno ya nyumbani, "nipe maji", "njoo hapa", pole pole, huku ukigonga mkono wake wa kushoto kwa kila silabi. Wapo wataalamu wanaotumia njia ya namna hii. Lakini "sawa" ile haikuwa ridhaa. Anaweza kuwa anaelewa mengi, na amekuwa akipigania kusema mengine mbele ya ndugu zake, ndiyo maana analia.

Basi jioni, kukiwa kimya, kaa mbele yake. Mwonyeshe kidole gumba juu ndiyo, gumba chini hapana, kwa mkono wa kushoto. Anza na yale unayoyajua jibu: "Sisi tunakaa Bukoba?" "Wewe ni mvuvi?" Akiyapatia matano au sita mfululizo, mwite shemeji ashuhudie. Hapo muulizeni la injini mara mbili, kwanza "Tuuze?", kisha, baada ya kimya kidogo, "Tusiuze?" Msitazame mdomo. Tazameni kidole.